Kitabu cha Miguu

Pale baying, mahali wakulima wa mlimani juu ya Chepilat wanapeleka majani ya chai kupimwa, kila mtu alijua Mzee Onyiego akiwa na kitabu hana mazungumzo. Umsalimu, atakuinulia kidole kimoja bila kutoa macho kwa karatasi. Umwambie ng'ombe wameingia kwa chai yake, atasema "haya" na kufungua ukurasa mwingine. Kazi yake alifanya kwanza. Alimwaga majani ya binti yake Lenah juu ya meza, akatoa yale magumu, akayageuza yasipate joto yakawa mekundu, halafu akakalia gunia tupu na kusoma. Lori la kiwanda likichelewa saa tatu, wengine walitukana dereva na ukoo wake. Onyiego peke yake alifurahi.

"Onyiego!" Huyo alikuwa Chepkemboi, jirani Mkipsigis ambaye chai yake ilipakana na ya Lenah na mdomo wake haukupakana na kitu. "Hiyo karatasi inakuambia nini leo?"

"Inaniambia watu wa maswali mengi majani yao yanakataliwa."

"Yangu hayajawahi kukataliwa. Ni wewe ulikataliwa na miji yote ukarudi kukaa kwa msichana wako kama bibi harusi."

Watu walicheka, naye Onyiego akacheka. Ukikasirika baying, neno lililokukasirisha linakuwa jina lako mpaka kufa.

Lakini kwa vitabu yeye alikuwa karani. Hiyo ndiyo kazi alijipatia uzeeni. Karani wa majani akifika haangalii uso wako wala viatu vyako. Anaingiza mkono katikati ya gunia, chini kabisa, pale ulipoficha, anatoa konzi moja na kuitawanya kwa kiganja. Anataka majani mawili na chipukizi. Akipata jani gumu, au majani uliyoyamwagia maji yaongeze uzito, anasukuma gunia lako kando. Hakuna kesi hapo. Unalibeba unarudi nalo nyumbani mchana kweupe, majirani wakikuangalia, unaenda kulimwaga chini ya chai yako mwenyewe. Onyiego alisoma namna hiyo. Aliingiza mkono katikati.

Majina ya vitabu hayakumkaa kichwani, basi alivipa ya kwake na kuyaandika kwa daftari la kurasa tisini na sita alilopewa na Lenah. Kulikuwa na Kitabu cha Makasi, mapenzi ya shamba la chai, kimeandikwa na mtu wa mjini. Onyiego aliandika: "Huyu aliona chai kwa dirisha la gari. Ukurasa wa kumi na mbili msichana anachuma na makasi huku anaimba, na kwa kikapu kuna maua. Mimi nimechuma. Hakuna anayeimba, watu wanahesabu mistari iliyobaki. Makasi yanauma bega kama jino. Hayo maua sijui ametoa wapi. Kimerudishwa."

Kulikuwa na Mama Marashi, tajiri anayelia ndani ya nyumba ya ghorofa mwanzo mpaka mwisho. "Majani yamelowa," aliandika. "Ukikamua kurasa mia tatu unabaki na sitini. Hizo sitini ni nzuri, sikatai. Apunguziwe kilo."

Na kulikuwa na kile kidogo, chembamba, cha mama aliyesafiri kwa basi na mtoto aliyefia hospitalini, amemfunga kitambaa akijifanya amelala ili kondakta asijue. Hicho alikiandikia mistari mitatu tu: "Majani mawili na chipukizi. Nimekisoma mara mbili. Mara ya pili nilisoma polepole ili asifike nyumbani."

Velma, mtoto wa Lenah, aliyekuwa kidato cha tatu, alipiga picha ule ukurasa wa makasi akawatumia marafiki wake. "Sokoro," alimwambia, maana ndivyo Wakisii wanavyomwita babu, "huyo mwandishi umemchoma mpaka akabaki jivu. Wasee wa darasa letu wanasema ufungue page."

"Page ninayo hapa, ziko tisini na sita."

"Wacha tu, sokoro."

Shule Onyiego aliipata vipande vipande. Darasa la tatu huko Kisii, nusu ya darasa la tano kwa shule ya shamba la wazungu, na nyingine yote aliiokota barabarani: magazeti ya kufungia nyama, Biblia ya mwenye mashine ya mbao kule Elburgon, riwaya zilizoachwa na abiria wa malori. Kiingereza chake kilikuwa na mashimo lakini aliruka akaendelea. Alikuwa mtu wa kuendelea. Hapo ndipo shida yake yote ilipoanzia.

Maana Lenah alipokuwa na miaka minane, familia ikiishi nyumba za wafanyakazi wa chai upande wa Kericho, Onyiego alimwambia mkewe Rodah anaenda Mulot kuvuna ngano. Wiki mbili. Alimshika Lenah kichwa akamwambia pia: wiki mbili. Ngano iliisha, akasikia kuna kazi Narok. Narok ikamchosha, akaenda Elburgon, akaenda Mai Mahiu, akaenda mahali pengine ambapo hata yeye akiulizwa kupanga majina anapotea njia. Si kwamba kulikuwa na mwanamke mwingine, au jela, au ugonjwa. Watu wangependa kusikia hivyo. Ilikuwa tu kwamba kila asubuhi kurudi kulikuwa kugumu kuliko jana, na barabara ilikuwa pale. Miaka thelathini na mmoja. Aliporudi Rodah alikuwa amelala chini ya sementi miaka miwili, na Lenah alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, hana mume, ana shamba la chai alilolinunua mwenyewe na mtoto aliyemlea mwenyewe.

Hakumfukuza. Alimfungulia stoo ya mbolea kando ya zizi, akampa blanketi mbili, akasema, "Mzee, utakaa hapo mpaka mvua iishe." Mvua iliisha ikarudi ikaisha, na hakuna aliyesema kitu. Alimwita Mzee, kama unavyomwita mtu yeyote uliyemkuta stendi. Tata, baba, hakumwita hata siku moja.

Vitabu ndivyo vilileta maneno kati yao. Lenah alikuwa katika kikundi cha walimu akina mama waliokutana Sotik kila mwezi kujadili kitabu kipya. Siku moja aliacha kimoja mezani, akarudi akakuta mzee amekimaliza.

"Umeonaje?" aliuliza, labda kwa kukosa la kusema.

"Mwanzo ni mzuri. Katikati mwandishi amechoka akaanza kuhubiri. Mwisho ameoa watu wote ili aende kulala."

Lenah alicheka. Alicheka hadi akaweka kikombe chini. Onyiego hakuwa amesikia hicho kicheko tangu kilipokuwa na meno ya maziwa. Kesho yake akapewa daftari. Tangu hapo kila kitabu kilichokuja kilipitia stoo kwanza, na Lenah hakukigusa mpaka asome mzee ameandika nini. Siku moja, akiosha vyombo na amempa mgongo, alisema, "Kwa vitabu angalau hudanganyi." Halafu akafungua maji kwa nguvu. Onyiego aliibeba hiyo sentensi mpaka stoo, akalala nayo.

Mwaka huu, chai ilipopata bei ya maana kidogo, Lenah alianza nyumba ya mawe. Fundi aliitwa Bosire, kijana mpole wa Nyamira mwenye penseli sikioni. Alipigilia vigingi akafunga kamba, na nyumba yote ikaonekana pale kwa nyasi. Onyiego aliizunguka akihesabu. Sebule. Jikoni. Chumba cha Lenah. Chumba cha Velma. Kisha kimoja tena, kwa kona inayotazama chai, kidogo lakini na dirisha lake.

"Hiki cha tano ni cha nini?"

"Uliza mwenye nyumba, mzee."

"Nakuuliza wewe mwenye kamba."

"Mimi nimeambiwa nifunge kamba."

Hakumuuliza mwenye nyumba. Angemuuliza kwa mdomo gani? Lakini jioni, wakishatoka wote, aliingia ndani ya hizo kamba kwa pale ambapo mlango ungekuwa, bila kuziruka, akasimama. Akapima ukuta kwa hatua. Kitanda hapa. Rafu ya vitabu hapa, mbao tatu. Alikuwa na miaka sabini na hakuwa amewahi kuwa na ukuta wa kupigilia mbao. Stoo ilikuwa na harufu ya mbolea iliyoingia hadi kwa kurasa. Lenah alisema kule Sotik wenzake wananusa vitabu vyake na kumwangalia. Kifua nacho kilikuwa kinakohoa usiku. Alikitaka hicho chumba. Alikitaka vibaya, kama mtu mzima asivyofaa kutaka kitu.

Msingi ulipojengwa, kitabu kingine kikaja. Lenah hakukiacha mezani kama kawaida. Alikileta mwenyewe hadi stoo, akasimama mlangoni.

"Hiki nimekisoma mimi kwanza," alisema. "Nataka nione wewe utasema nini. Usiharakishe."

Alikisoma Alhamisi baying. Kilikuwa cha mzee aliyepotea miaka ishirini mijini. Anarudi amevaa kiatu kimoja. Binti yake, ambaye ameolewa na daktari, anamwona getini, anapiga magoti, analeta beseni, anamwosha miguu huku analia, anamwita baba. Hiyo ni ukurasa wa thelathini na nne. Kurasa zilizobaki wanakula. Wanapiga picha. Mzee anawapa wajukuu hekima. Anakufa akitabasamu.

Onyiego aliingiza mkono katikati, akatoa konzi, na damu ikampanda. Alisahau kugeuza majani. Chepkemboi ndiye aliyeyageuza, akimtukana kwa Kikipsigis na Kiswahili pamoja. "Majani yanaiva hapa kama githeri na wewe umekodolea kitabu macho! Huyo ndani yake ni bibi yako?"

"Ni mwongo," Onyiego alisema.

"Nani?"

"Huyu aliyeandika. Hajamuuliza msichana kitu. Hata kimoja. Miaka ishirini msichana alikula nini? Ni nani alienda mkutano wa wazazi? Ameruka getini moja kwa moja mpaka kwa beseni."

Chepkemboi aliacha kugeuza majani. Akamtazama. "Unasema kitabu?"

"Nasema kitabu."

Alitoa daftari hapo hapo. Juu aliandika: Kitabu cha Miguu. Chini aliandika: "Karani angerudisha gunia hili kabla halijafika mezani." Alikuwa ameanza mstari wa pili wakati Bosire alipopita na baiskeli, akitoka kununua misumari.

"Mzee, habari ya kusoma? Kesho tunanyanyua kuta. Zote, ila ile kona yako."

Alisema hivyo, yako. Alijishika mdomo lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Kwa nini ile kona isinyanyuliwe?"

"Mama amesema ningoje. Amesema hajaamua bado, atanijulisha Jumatatu. Mimi sijasema kitu, mzee." Akakanyaga pedali, akaenda.

Onyiego alikaa na penseli mkononi. Leo Alhamisi. Jumapili baada ya kanisa, kama kawaida yake, Lenah atasoma daftari. Jumatatu ataamua. Hata mtu wa darasa la tatu na nusu angeunganisha hizo. Amepewa kitabu cha baba aliyerudi, ameambiwa usiharakishe, na chumba kimesimamishwa. Akaona wazi anachotakiwa kufanya, na kumbe hapo ndipo alipokosea, maana alisoma binti yake kama mtu anayesoma jalada. Alifikiri Lenah amekipenda. Alifikiri ni mtihani, na jibu ni beseni.

Akararua ukurasa. Akaandika upya, na mwandiko ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Jumapili baada ya kanisa, Velma akiwa jikoni na chapati, Lenah alikaa mezani bado na kofia ya kanisani, akafungua daftari. Onyiego alijifanya anaangalia kuku. Alikuwa ameandika hivi: "Kitabu cha Miguu. Hiki ni kitabu kizuri sana na kina mafunzo. Msichana ana moyo wa dhahabu. Kinatufundisha kusamehe ni bora. Nimeguswa. Kila familia isome. Majani mawili na chipukizi."

Lenah alisoma mara moja. Akarudia. Akageuza ukurasa kuona kama kuna kitu nyuma.

"Umekipenda?"

"Nimekipenda."

"Ulipenda wapi?"

"Kote. Kote ni kuzuri."

"Pale kwa beseni?"

"Hapo ndipo hasa. Yule msichana amelelewa vizuri."

"Na nani?"

Kuku akapita. Velma kule jikoni aliacha kusukuma chapati.

"Nakuuliza, Mzee. Amelelewa vizuri na nani? Kitabu kizima mama yake hana hata jina. Wewe mtu uliyekataa kitabu cha watu kwa sababu ya makasi. Makasi! Hapa mtu ameoshwa miguu ya miaka ishirini kwa dakika tano, na wewe umeguswa?"

"Lenah..."

"Moyo wa dhahabu. Hata watoto wangu wa darasa la sita nawakata alama kwa hiyo." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Mimi nilisoma hiki kitabu nikakitupa ukutani. Wenzangu wa Sotik wote walilia wakasema ni kitamu. Nikasema ngoja. Kuna mtu mmoja nyumbani kwangu ambaye atasema ukweli. Yeye ndiye anaujua, na atauandika kwa mkono wake, hata kama anasema ni juu ya kitabu. Sikutaka unipigie magoti. Sikutaka uniombe kitu. Nilitaka mistari mitatu tu kama ile ya mtoto wa kwa basi."

"Nilianza kuandika hivyo. Kweli. Niliandika nikararua."

"Kwa nini?"

Hakuwa na uongo wa karibu, kwa hivyo akasema. "Chumba."

Lenah aliinua uso akamtazama namna alivyokuwa hajamtazama kwa miaka miwili yote tangu arudi.

"Siku ile uliniambia wiki mbili," alisema, "ulisema vizuri hivi hivi. Kwa sauti tamu. Ulinishika hapa." Akagusa kofia yake ya kanisani. "Miaka hii miwili nilikuwa nasema, labda barabara ilimtoa ile sauti. Kumbe uliiweka tu."

Akafunga daftari, akamsukumia upande wake wa meza. "Chumba ni chako. Kilikuwa chako tangu Bosire afunge kamba. Nilisimamisha kona ndio nipime kama dirisha likae upande wa chai au upande wa jua la asubuhi, kwa ajili ya hicho kifua chako. Velma! Hizo chapati zinaungua."

Kuta zilinyanyuliwa. Dirisha likakaa upande wa jua. Mabati yakaja, sakafu ikapigwa, na mwezi wa nane Lenah alimpa funguo mbili kwa kamba moja, bila neno baya. Chakula chake kiliwekwa kama kawaida. Dawa ya kikohozi ilinunuliwa. Bosire, ambaye aliona aibu kwa mambo ambayo hayakuwa makosa yake, alimpigilia rafu ya mbao tatu na hakutaka hata chai.

Mwezi wa nane kikundi cha Sotik kilipata kitabu kipya. Onyiego alikiona kwa mkoba wa Lenah, cha rangi ya machungwa. Akangoja mezani. Akangoja stoo, kwa mazoea. Wiki iliyofuata akakiona Lenah anakisoma mwenyewe barazani, penseli mkononi, anaandika pembeni. Mwezi wa tisa kikaja kingine, kinene. Hicho hata rangi hakuijua vizuri.

"Sokoro, nikuletee kisirisiri?" Velma alimuuliza.

"Usiniletee kitu ambacho mama yako hajanipa."

"Lakini wewe unaumia, aki."

"Nenda ukasome, wewe msichana."

Ndipo akaandika. Siku tatu mchana, kwa hicho chumba chenye jua zuri, na alipomaliza kulikuwa na kurasa mbili na nusu. Hakupamba. Aliandika: "Kitabu cha Miguu kirudishwe. Mwandishi anafikiri mtu anaondoka mara moja. Mtu aliyesema wiki mbili anaondoka kila wiki ya pili inapoisha. Mtoto anahesabu, wiki mbili zinaisha, baba anaondoka tena. Kwa miaka ishirini hiyo ni zaidi ya mara mia tano. Kwa thelathini na mmoja ni mia nane na sita. Mwandishi hakuhesabu. Na mama wa huyo msichana anaitwa Rodah, aliamka saa kumi na moja kuchuma chai ya watu, na hayumo. Kama beseni ilitafutwa, ilikuwa ya kuoshea miguu yake. Na yule mzee hakupotea. Njia ya kurudi aliijua siku zote. Nasema hivyo kwa sababu naijua mimi."

Alimpelekea baying, Jumamosi, kwa sababu Lenah hakuwa na shule na alikuwa amekuja na majani mwenyewe. Foleni ilikuwa ndefu. Karani alikuwa amefika, mkono wake ndani ya magunia ya watu. Onyiego alimnyooshea daftari. Akasema, "Kile kitabu."

Lenah alisoma amesimama. Alisoma yote. Alipofika mahali pa jina la mama yake, kidole kilisimama juu ya karatasi kikakaa hapo, na Chepkemboi aliyekuwa nyuma yao kwa foleni akageuka akaanza kukagua majani yake kwa bidii.

"Ni kweli," Lenah alisema mwishowe. "Yote ni kweli. Hiyo hesabu hata mimi sikuwahi kuifanya."

Onyiego akapumua.

"Lakini umeiandika ukiwa na funguo mfukoni, Mzee."

Akalifunga daftari, akalirudisha mkononi mwake, polepole, hata akalinyoosha pembe iliyokunjika. Mbele yao mama mmoja alikuwa amerudishiwa gunia, anamsihi karani aingize tena mkono upande huu mwingine, upande huu ni mazuri, na karani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameshamwita anayefuata. Ilikuwa zamu ya Lenah. Alibeba gunia lake akaliweka kwa mizani.

Onyiego alipanda mlima na daftari kwapani. Watu aliokutana nao walimsalimu vizuri. Wengine walimpongeza nyumba. Alifungua mlango wake kwa funguo yake. Jua lilikuwa limeshazunguka, chumba kilikuwa na mwanga tu bila joto. Aliweka daftari juu ya rafu, mbao ya katikati. Lilikuwa jembamba, likaanguka. Akaliegemeza kwa ukuta, likaanguka tena. Akavua kofia yake akaiweka pale kulishikilia, akakaa kitandani akiliangalia.